UZI: Subhas Chandra Bose, kiongozi wa India aliyetoroka kizuizini Calcutta kwenda kutafuta maadui wa Mwingereza

Kumbukumbu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ukitajwa uhuru wa India, jina la kwanza ni Gandhi, la pili Nehru, na mazungumzo yanaishia hapo. Huyu wa tatu hatajwi, au anamalizwa kwa sentensi moja: "yule aliyekwenda kwa Hitler." Ni kweli alikwenda, na sitamfichia. Ila huyo huyo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Congress mara mbili, akambwaga mgombea wa Gandhi mchana kweupe, na jeshi lake lililochapwa vibaya vitani ndilo, kwa maoni yangu, lilimfanya Mwingereza aanze kufungasha virago. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Bose alizaliwa tarehe 23 Januari 1897 mjini Cuttack, Orissa, katika familia ya Kibengali yenye uwezo. Baba yake, Janakinath, alikuwa wakili. Nyumba ilikuwa na watoto 14, yeye wa tisa. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini mkaidi. Mwaka 1916, akiwa Presidency College ya Calcutta, mwalimu mmoja Mwingereza aliyeitwa Oaten alituhumiwa kuwasukuma wanafunzi wa Kihindi, naye akapigwa kwenye ngazi za chuo. Bose alitajwa kuwa miongoni mwa waliohusika. Alipoitwa kuhojiwa hakutaja jina la mwenzake hata mmoja. Akafukuzwa chuo.

Baadaye akapokelewa Scottish Church College, akamaliza shahada ya falsafa mwaka 1919 kwa daraja la kwanza. Baba akampeleka Cambridge ili afanye mtihani wa Utumishi wa Serikali ya India, ule mtihani wa kuwapata maofisa wachache waliokuwa wakiiendesha nchi nzima kwa niaba ya Mfalme. Akaufanya mwaka 1920 baada ya miezi michache tu ya kujiandaa, akashika nafasi ya nne.

Hapo ilikuwa cheo, nyumba, pensheni na heshima ya ukoo mzima. Aprili 1921 akaandika barua ya kujitoa. Kaka yake Sarat aliandikiwa kurasa kwa kurasa za maelezo, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: huwezi kula kiapo cha kumtumikia mtawala halafu ukadai unataka kumng'oa.

Nakuja.

Pilipili Manga

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Mtaa wa Tatu

Nafasi ya nne halafu anaacha kazi! Baba yangu angenitafuta na panga.

Kumbukumbu

Tuendelee.

Alishuka melini Bombay Julai 1921, na siku hiyo hiyo akaenda kumwona Gandhi. Wakati ule Gandhi alikuwa amewaahidi watu kwamba wakigoma kushirikiana na serikali kikamilifu, India itajitawala ndani ya mwaka mmoja. Kijana wa miaka 24 akaketi mbele yake na kumuuliza hatua kwa hatua: tukisusia nguo zao, kisha? Tukikataa kulipa kodi, kisha? Ni hatua ipi hasa itakayomfanya Mwingereza aondoke? Aliandika baadaye kwamba majibu hayakumridhisha. Gandhi, kwa busara, akamwelekeza kwa C. R. Das wa Calcutta, na huko Bose akapata mlezi wa kisiasa aliyemtaka.

Das alipokuwa meya wa Calcutta mwaka 1924, Bose akawa mtendaji mkuu wa jiji akiwa na miaka 27, na akakubali kuchukua nusu tu ya mshahara. Hakukaa sana. Oktoba mwaka huo huo alikamatwa bila kufunguliwa mashtaka, akapelekwa Mandalay, Burma, gereza lile lile alimokaa Tilak, mpigania uhuru mwingine, kabla yake. Alitoka 1927 akiwa na kifua kikuu. Toka hapo maisha yake ni ndani, nje, ndani. Mwaka 1930 alichaguliwa kuwa meya wa Calcutta akiwa gerezani.

Miaka ya thelathini aliruhusiwa kwenda Ulaya kutibiwa, akafanya makao Vienna. Huko mwaka 1934 alimwajiri dada mmoja wa Austria, Emilie Schenkl, amchapie muswada wa kitabu. Wakapendana, na ndoa yao ikafanywa siri kubwa. Nitarudi kwa huyu mama.

Sasa kisa cha 1939, ambacho wengi hawakijui. Bose alikuwa rais wa Congress tangu 1938. Desturi ilikuwa wakubwa wanakubaliana chumbani, jina linapita. Yeye akataka muhula wa pili, wakubwa wakakataa, Gandhi akamuunga mkono Pattabhi Sitaramayya. Bose hakurudi nyuma. Kura zikapigwa: Bose 1,580, Sitaramayya 1,377. Gandhi akatamka kwamba kushindwa kule ni kwake zaidi kuliko kwa Sitaramayya.

Hebu soma tena hiyo kauli, kisha ujiulize kama ni kumkubali mshindi au ni kuwaambia wajumbe "mmenitukana mimi." Wajumbe walielewa. Wengi wa kamati kuu wakajiuzulu. Mkutano wa Tripuri, Machi, Bose alibebwa kwenye machela kwa homa, na hapo hapo likapitishwa azimio kwamba rais lazima aunde kamati kwa matakwa ya Gandhi. Akamwandikia Gandhi kumwomba amtajie majina. Gandhi hakutaja. Rais asiyeweza kuunda kamati ni rais wa nini? Aprili akajiuzulu, Mei akaanzisha Forward Bloc.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa vyeo tu. Bose aliona vita vya Ulaya vinakuja na alitaka Mwingereza apewe notisi ya miezi sita: toa uhuru, la sivyo tunaanza. Gandhi hakutaka kuitumia shida ya adui kama mtaji.

Kalamu Nyekundu

Siasa za vyama ni zile zile dunia nzima. Mwenyekiti mshauri ana nguvu kuliko mwenyekiti aliyechaguliwa.

Kumbukumbu

Umenena mkuu. Sasa kutoroka.

Julai 1940 alikamatwa tena. Mwishoni mwa Novemba akaanza mgomo wa kula. Serikali ikaogopa asije akafia mikononi mwao, ikamrudisha nyumbani kwao Elgin Road, Calcutta, apate nafuu kisha arudishwe ndani. Makachero wakawekwa kuizunguka nyumba.

Akatangaza kwamba amejitenga kwa ibada, hataki kumwona mtu. Chakula kiliwekwa nyuma ya pazia. Akaacha ndevu ziote. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Januari 1941 akatoka amevaa kama Mpathani wa kaskazini magharibi, kwa jina la Muhammad Ziauddin, wakala wa bima. Dereva alikuwa mtoto wa kaka yake, Sisir, mwanafunzi wa udaktari, gari ni Wanderer ya Kijerumani. Wakaenda zaidi ya kilomita 200 kuikwepa stesheni za Calcutta, na usiku uliofuata akapandia treni kituo kidogo cha Gomoh.

Huku nyumbani sahani ziliendelea kupelekwa nyuma ya pazia, na vijana wachache wa familia waliojua siri wakawa wanakula kile chakula ili vyombo virudi vitupu. Serikali ilikuja kushtuka zikiwa zimepita kama siku kumi, kesi yake ilipokaribia kusikilizwa. Wakati huo mtu yuko njiani kuelekea Kabul.

Kutoka Peshawar alivuka mpaka kwa miguu na nyumbu pamoja na Bhagat Ram Talwar. Kwa kuwa Bose hakujua neno la Kipashto, akajifanya bubu na kiziwi anayepelekwa kuzuru kaburi la walii. Kabul walifikia kwenye nyumba ya wageni ya madereva na wafanyabiashara, baridi kali, na askari kanzu mmoja akawanusa. Kila mara anarudi kudai chochote, na mwishowe akaondoka na saa ya mkononi ya Bose. Mtu anayesakwa na dola kubwa kuliko zote duniani anasumbuliwa na askari wa rushwa ndogo ndogo!

Warusi walimfungia mlango. Waitaliano ndio waliompa pasipoti yenye jina la Orlando Mazzotta. Akapita Moscow, akafika Berlin mwanzoni mwa Aprili 1941. Nyaraka zilizokuja kufunguliwa baadaye zinaonyesha London ilikuwa imetoa amri auawe njiani, wakidhani atapitia Mashariki ya Kati. Na yule Bhagat Ram? Alikuja kuwa jasusi wa pande nyingi, zikiwemo Warusi, Wajerumani na Waingereza wenyewe. Maisha yake yanahitaji uzi wake.

Shamba Darasa

Mkuu, mpaka hapo unamsifia tu. Mimi nasubiri ufike Berlin. Mtu anayesema anapigania uhuru halafu anapiga picha anapeana mkono na Hitler, tumweke wapi? Wayahudi walikuwa wanaangamizwa saa hizo hizo. Haiwezekani hakuona.

Mtaa wa Tatu

Adui wa adui yangu ni rafiki yangu. Churchill naye alikaa meza moja na Stalin.

Shamba Darasa

Churchill simtetei. Nauliza kuhusu Bose.

Kumbukumbu

Shamba Darasa, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Berlin alipewa ofisi, redio ya Azad Hind, yaani India Huru, na ruhusa ya kuandikisha mateka wa Kihindi waliokamatwa Afrika Kaskazini. Wakapatikana kama 3,000. Kiapo chao kilimtaja Hitler kama kamanda wa majeshi ya Ujerumani na Bose kama kiongozi wa India, kwa pumzi moja. Mei 1942 akakutana na Hitler mwenyewe. Alikuwa anataka jambo moja: tamko rasmi kwamba Ujerumani inatambua uhuru wa India. Hakupewa. Hitler alimwambia India iko mbali mno, aende kwa Wajapani. Bose alimgusia pia yale maneno ya dharau kuhusu Wahindi aliyoyaandika kwenye kitabu chake, nalo likazungushwa zungushwa likaisha.

Hukumu yangu: hakuwa Mnazi, na alikuwa hamwogopi Hitler. Lakini alikaa Berlin karibu miaka miwili, na kuhusu Wayahudi alinyamaza hadharani. Kwa mtu aliyefukuzwa chuo kwa kutetea utu wa wanafunzi wenzake, kimya kile ni doa, na hoja ya adui wa adui haiwezi kulisafisha. Alihesabu kwamba India ni kwanza na mengine yote baadaye. Mahesabu ya namna hiyo yanakula watu wengine.

Februari 1943 akaondoka bandari ya Kiel ndani ya manowari ya Kijerumani U-180, yeye na msaidizi wake Abid Hasan. Emilie akabaki na binti yao Anita, mtoto wa miezi isiyofika mitatu. Hakuwaona tena.

Safari hiyo inatuhusu kijiografia. Manowari ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikazamisha meli ya mafuta ya Kiingereza njiani, na mwishoni mwa Aprili ikakutana na manowari ya Kijapani I-29 kusini mashariki ya Madagascar. Bahari ilikuwa imechafuka. Wale wawili wakavushwa kwa kidau cha mpira, wakapanda ng'ambo wamelowa chapachapa. Mwezi Mei wakafika Sabang, Sumatra. Miezi mitatu chini ya bahari, anavuta sigara akiruhusiwa na anamsomea Abid Hasan hotuba za kuzitoa huko aendako.

Pilipili Manga

Hii ingekuwa sinema watu wangesema ni chai.

Kumbukumbu

Haswa.

Singapore ilianguka Februari 1942, na Wahindi zaidi ya 40,000 wa jeshi la Mwingereza wakawa mateka wa Mjapani. Kapteni Mohan Singh alianzisha Jeshi la Taifa la India kutokana nao, akagombana na Wajapani, akawekwa ndani. Julai 1943 Bose anafika, anakuta kikosi kinachosambaratika. Akakifufua kwa mdomo. Kaulimbiu ikawa "Chalo Delhi", twende Delhi. Askari wakawa wanamwita Netaji, yaani kiongozi mheshimiwa. Mwaka uliofuata ndipo alipowaambia watu wampe damu naye atawapa uhuru.

Mateka hawakuwa peke yao. Vibarua wa Kitamil wa mashamba ya mpira ya Malaya walijiunga kwa maelfu. Akaunda kikosi cha wanawake, Kikosi cha Rani wa Jhansi, chini ya daktari Lakshmi Swaminathan. Vikosi vyake vikubwa akavipa majina ya Gandhi, Nehru na Azad, wale wale wakubwa wa Congress aliopishana nao 1939. Na Julai 1944, akizungumza redioni, alimwita Gandhi Baba wa Taifa letu, akamwomba baraka.

Oktoba 1943 alitangaza serikali ya muda ya India huru. Desemba akapandisha bendera visiwa vya Andaman. Hapa pia niseme ukweli: visiwa alikabidhiwa kwa jina, mamlaka alibaki nayo Mjapani, na wakati Bose anapandisha bendera Port Blair wakazi wa visiwa walikuwa gerezani wanateswa na hao hao Wajapani waliomkaribisha. Alizungushwa kule walikotaka azungushwe.

Mwaka huo huo njaa ilikuwa inaiua Bengal, watu wanaokadiriwa milioni tatu. Bose alitangaza redioni kwamba yuko tayari kupeleka mchele kutoka Burma. Mwingereza hakujibu.

Machi 1944 Wajapani wakaingia India kuelekea Imphal na Kohima, vikosi vya Bose pamoja nao. Aprili bendera yao ilipandishwa Moirang, ndani ya Manipur. Hapo ndipo walipofikia. Chakula kikaisha, mvua za masika zikafunga njia, malaria na kuhara vikafanya kazi iliyobaki. Kufikia Julai wanarudi nyuma wanatambaa. Na waliowazuia sehemu kubwa walikuwa Wahindi wenzao: jeshi la India la Mwingereza lilifika watu milioni mbili na nusu, wote wa kujiandikisha.

Mwana wa Keya

Mkuu, babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, alipigana Burma. Alikuwa akisimulia mvua na matope tu, adui alisema hakumwona sana. Je, walikutana na hawa watu wa Bose?

Kumbukumbu

Mwana wa Keya, heshima kwa babu.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliingizwa kuwafukuza Wajapani baada ya Imphal. Kuanzia Agosti 1944 wakashuka bonde la Kabaw katikati ya masika, bonde lililokuwa linaogopwa kwa malaria na homa inayoenezwa na utitiri. Mwanzoni mwa Desemba wakaiteka Kalewa kwenye mto Chindwin. Babu alisema kweli, adui wa kwanza pale alikuwa matope. Watu wa Bose walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kabla, kwa hiyo njia walizopita Keya ni zile zile walizokuwa wanakufia wale wa Chalo Delhi.

Na kabla hata ya kufika, Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Meli ilizama ndani ya dakika chache.

Waliorudi walirudi na macho mengine. Waruhiu Itote alikuwa Keya pale Burma. Miaka michache baadaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau.

Mwana wa Keya

Asante sana mkuu. Haya ni madini.

Kumbukumbu

Namalizia.

Aprili 1945 Rangoon inakaribia kuanguka. Bose alikataa kuondoka mpaka wale wasichana wa Kikosi cha Rani wasafirishwe, na magari yalipokwama alitembea nao kwa miguu usiku, mchana wanajificha ndege, hadi miguu ikajaa malengelenge. Agosti Japan inasalimu amri. Tarehe 18 Agosti ndege ya Kijapani aliyopanda ikaanguka ilipokuwa inaruka kutoka Taihoku, Taiwan. Mafuta yalimmwagikia, akawaka. Akafa usiku huo hospitali ya jeshi, miaka 48. Majivu yako hekalu la Renkoji, Tokyo, mpaka leo.

Sasa ndiyo pale niliposema Mwingereza alianza kufungasha virago. Novemba 1945 wakaamua kuwashtaki maofisa watatu wa jeshi la Bose kwa uhaini, tena ndani ya Ngome Nyekundu, Delhi, ngome ya wafalme wa Kimoghali: Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon. Mwislamu, Mhindu na Singasinga, kizimba kimoja. Ukimwajiri mtu akutafutie namna ya kuunganisha India yote dhidi yako, hangekuja na wazo bora. Nehru, aliyekuwa na miaka mingi hajavaa joho la uwakili, alilivaa akaketi upande wa utetezi. Congress iliyomfukuza Bose sasa inawatetea watu wake, na Muslim League nayo inapinga kesi.

Walitiwa hatiani, kifungo cha maisha. Na mkuu wa majeshi, Auchinleck, akakifuta Januari 1946, kwa sababu alijua askari wake wa Kihindi wanawaonaje wale watatu. Mwezi uliofuata mabaharia wa jeshi la majini wakagoma Bombay, mgomo ukasambaa kwenye meli 78 na watu kama 20,000. Utawala wa Mwingereza haukusimama kwa Waingereza, walikuwa wachache mno. Ulisimama kwa utii wa sipahi, askari wa Kihindi. Gandhi aliunyima utawala uhalali kwa miaka 25, hilo simwondolei. Lakini siku bunduki ilipoonekana huenda haitamtii mwenye kuilipia, London ikaanza kuhesabu miezi.

Kalamu Nyekundu

Napinga kidogo. Uingereza ilikuwa imefilisika, na serikali ya Labour ilikuwa inataka kutoka. Wangeondoka tu.

Kumbukumbu

Wangeondoka, ndiyo. Lini, na kwa masharti ya nani, ndiyo tofauti. Dola iliyofilisika lakini yenye jeshi linalotii inaweza kukaa miaka kumi zaidi. Waulize Wakenya.

Mtaa wa Tatu

Mkuu hujagusia kwamba hakufa. Kuna yule mtawa wa Faizabad anayedaiwa kuwa ndiye.

Kumbukumbu

Gumnami Baba, aliyefariki 1985. Najua. Serikali ya India imeunda tume tatu. Ya 1956 na ya miaka ya sabini zilisema alikufa kwenye ajali. Ya jaji Mukherjee, iliyomaliza kazi miaka ya 2000, ikasema hakufa pale, serikali ikaikataa. Mafaili yakafunguliwa 2015 na 2016, hakuna kilichobadilisha habari. Aliyekuwemo ndegeni akapona, Habibur Rahman, alishuhudia kifo na hakubadili maneno. Mimi nakaa na ushahidi huo. Mtu aliyeshindwa kukaa kimya gerezani Mandalay asingekaa kimya miaka arobaini nyuma ya pazia Faizabad huku nchi imekatwa vipande viwili.

Binti yake Anita, ambaye amekuwa mwanauchumi Ujerumani, ameomba kwa miaka majivu yapimwe na yarudishwe India. Hayajarudishwa. Sanamu ndiyo imewekwa: tangu Septemba 2022 Bose amesimama karibu na India Gate, Delhi, chini ya kibanda kile alichokuwa amesimama Mfalme George wa Tano.

Shamba Darasa

Sijabadili msimamo kuhusu Berlin. Ila uzi umesimama, hongera. Ule wa Bhagat Ram unaanza lini?

Kumbukumbu

Wiki ijayo umeme ukiruhusu.